Safura, Anemia na Upungufu wa Damu: Tunaumwa Nini Hasa?

Kadi ya kliniki ina herufi mbili, HB, na namba mbele yake. Muuguzi akiisoma humwambia mjamzito kwamba ana upungufu wa damu. Fomu ya maabara huandika anemia. Mzee wa pwani, akitazama viganja vilivyopauka na uso uliovimba kidogo, husema hiyo ni safura. Kila jina huja na ushauri wake: vidonge vya kuongeza damu, vipimo zaidi, dawa ya minyoo. Majirani nao huongeza juisi ya rozela, bitiruti na chochote kingine kilicho chekundu.

Mkanganyiko huu una gharama. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, walikutwa na upungufu huu wa damu. Hali inayogusa zaidi ya nusu ya watoto wa nchi inastahili jina linaloeleweka. Lakini tuna majina matatu, kila moja limetoka kwenye elimu tofauti, na kila moja linamvuta mgonjwa upande wake.

Majina yaliyozaliwa na macho

Anemia ni neno la Kigiriki. Sehemu ya kwanza inakanusha, ya pili ni damu, kwa hiyo maana yake ni kutokuwa na damu. Aristotle alitumia neno la ukoo huo kwa wanyama: aliwagawa katika wenye damu na wasio na damu, na kundi la pili likapewa wadudu, kaa na pweza. Pweza ana damu, ila ni ya buluu. Aristotle alihukumu kwa rangi, na hukumu ya rangi ndiyo iliyotawala jambo hili kwa miaka zaidi ya elfu mbili.

Katika tiba ya Ulaya jina anemia lilipata nguvu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hasa kwa madaktari wa Ufaransa kama Gabriel Andral, ambaye mwaka 1843 alichapisha kitabu kuhusu maradhi ya damu. Waarabu wa leo wana jina lao, linalotafsirika kuwa ufukara wa damu. Kiswahili kiliwachukulia Waarabu fukara, kikawachukulia na damu, lakini hakikuyaunganisha maneno hayo mawili kuwa jina la ugonjwa.

Kilichochukua ni safura. Kwa Kiarabu, safra ni njano, na ni nyongo pia. Wanafunzi wa Hippocrates na Galen walifundisha kwamba mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Ibn Sina aliyapanga mafundisho hayo katika kitabu chake Al-Qanun, na kwa njia ya matabibu na vitabu vya Kiarabu yakafika pwani ya Afrika Mashariki. Masalia yake tunayo bado: balghamu, jina la kohozi, limetoka kwenye orodha hiyohiyo. Kwa asili yake, basi, safura haikuhusu damu kabisa. Ilihusu nyongo, na katika mpango wa majimaji manne nyongo na damu ni vitu viwili mbalimbali.

Ilihamaje kutoka nyongo hadi damu? Daraja linaelekea kuwa rangi. Mtu aliyepungukiwa chembe nyekundu hupauka, na ngozi iliyopauka huweza kuonekana ya umanjano. Tabibu asiye na hadubini aliona manjano, akaita kwa jina la manjano.

(Wapo pia wanawake wanaoitwa Safura. Hilo ni jina la mkewe Nabii Musa na halina uhusiano wowote na ugonjwa.)

Ushahidi wa zamani wa matumizi ya neno hili unatoka kwa msafiri na mmisionari David Livingstone. Katika shajara zake za Manyema, mashariki mwa Kongo ya leo, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, anaeleza kwamba Zanzibar safura ni jina la ugonjwa wa kula udongo. Anasema unawapata sana watumwa, lakini matajiri wenye chakula tele nao huupata. Miguu huvimba, mwili hukonda, pumzi hukatika na mgonjwa hushindwa kutembea. Anaikataa pia dhana kwamba watumwa walikula udongo ili wajiue. Daktari yeyote wa leo akiisoma orodha hiyo ya dalili ataona mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu ambaye moyo wake umeanza kushindwa kazi. Jina la nyongo lilikuwa tayari limehamia kwenye kundi la dalili ambazo mtu wa kawaida angeweza kuziona: udongo, uvimbe, kukonda, kuhema.

Rangi ilipoacha kutosha

Ulaya nayo ilikuwa na ugonjwa wake wa rangi. Mwaka 1554 Johannes Lange, daktari Mjerumani, alieleza maradhi ya wasichana waliopauka, wanaohema na kuchoka. Baadaye yakaitwa klorosisi, kwa neno la Kigiriki la rangi ya kijani iliyofifia. Waarabu waliona manjano, Wazungu kijani, na mgonjwa labda alikuwa yuleyule. Mwaka 1832 Mfaransa Pierre Blaud alianza kuwatibu wagonjwa hao kwa vidonge vya chuma, wakapona. Dawa ilifika kabla ya maelezo, jambo ambalo katika tiba si la ajabu.

Maelezo ya safura yalianzia sehemu nyingine. Mwaka 1838 Angelo Dubini wa Milan alimwona mnyoo mdogo mwenye meno katika utumbo wa maiti. Miaka ya 1850 Wilhelm Griesinger, akifanya kazi Cairo, alihusisha minyoo hiyo na ugonjwa wa kupauka uliokuwa ukiwamaliza watu wa Misri. Wengi hawakumsikiliza, mpaka ugonjwa ulipolipuka Ulaya: mwaka 1880 vibarua waliokuwa wakichimba njia ya reli chini ya mlima Gotthard, Uswisi, walikuwa wakipauka na kufa. Walikuwa wakijisaidia ndani ya handaki na kukanyaga matope ya joto, na matumbo yao yalikutwa na minyoo ya Dubini. Mwishoni mwa karne hiyo Arthur Looss, Cairo tena, akaonyesha kwamba viluwiluwi wa mnyoo huyu hupenya kwenye ngozi. Si lazima mtu ale uchafu ndipo aambukizwe. Kutembea peku kunatosha.

Hesabu ya mnyoo ni rahisi na inatisha. Kati ya aina mbili kuu zinazoishi kwa binadamu, ile ya Dubini hunyonya takribani mililita 0.15 za damu kwa siku. Mtu mwenye minyoo 100 hupoteza mililita 15 kila siku, karibu nusu lita kwa mwezi. Hiyo ni chupa moja ya mchangia damu kila mwezi, bila kikombe cha chai wala soda ya kuagwa nayo. Aina ya pili hunyonya kidogo kuliko hiyo, lakini huishi miaka mingi. Kwa hiyo Waswahili waliolihusisha neno safura na minyoo, kama kamusi nyingi zinavyofanya hadi leo, walikuwa na sababu nzuri.

Wakati huohuo maabara zilikuwa zikijifunza kuhesabu. Karl Vierordt alihesabu chembe nyekundu mwaka 1852. Mwaka 1864 Felix Hoppe-Seyler aliipa jina hemoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Kuanzia hapo anemia iliacha kuwa rangi, ikawa namba. Na namba ilipopatikana ndipo ilipogundulika kwamba chini ya jina moja kuna maradhi mengi. Thomas Addison wa London mwaka 1855 alikwishaeleza aina ambayo vidonge vya chuma havikuigusa. George Minot na William Murphy wa Boston wakaitibu mwaka 1926 kwa kuwalisha wagonjwa maini kwa wingi, na vitamini B12 iliyokuwa siri ya maini hayo ikapatikana mwaka 1948. Lucy Wills alikuta aina nyingine kwa wajawazito wa viwanda vya nguo vya Bombay, akaitibu kwa dondoo la hamira. Walichokuwa wamekosa ni folati. James Herrick wa Chicago alieleza mwaka 1910 chembe zilizopinda kama mundu, ugonjwa tunaouita selimundu au sikoseli. Mtafiti aliyekulia Kenya, Anthony Allison, akachapisha mwaka 1954 ushahidi kutoka Afrika Mashariki kwamba kurithi nusu ya kasoro hiyo humkinga mtoto na malaria, ndiyo maana haijafutika katika nchi zetu. Tanzania pekee huzaliwa takribani watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka.

Upungufu wa nini?

Hapa ndipo jina letu la tatu linapopata matatizo. "Upungufu wa damu" linaonekana jina safi: kila mtu anajua upungufu ni nini na damu ni nini. Kiswahili cha tiba kimezoea kuunda majina hivi, na hata Ukimwi umetokana na upungufu wa kinga. Lakini msikilizaji anayesikia kwamba damu imepungua huona pipa ambalo maji yake yameshuka, na kwa picha hiyo hutafuta kitu cha kulijazia. Maabara haikupima pipa. Ilipima HB, yaani ni gramu ngapi za hemoglobini zimo katika desilita moja ya damu, iwe damu yenyewe ni lita tatu au sita.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri kwa watu wawili. Wa kwanza ni mjamzito. Kuanzia miezi ya mwanzo mwili wake huongeza maji ya damu, yaani plazima, kwa karibu nusu nzima ya kiasi cha kawaida. Chembe nyekundu nazo huongezeka, lakini si kwa kasi hiyo. Matokeo yake ni kwamba ana damu nyingi kuliko wakati wowote wa maisha yake, na namba yake ya HB inashuka. Kumwambia mwanamke huyo kwamba damu yake imepungua ni kumwambia kinyume cha kilichotokea kwenye mishipa yake. Wa pili ni kijana wa bodaboda aliyegongwa sasa hivi na kumwaga lita moja na nusu barabarani. Huyu amepungukiwa damu kwa maana ya kila mtu wa mtaani, na anaweza kufa kwa hilo. Ukimpima HB dakika hiyohiyo, namba inaweza kutoka ya kawaida, kwa sababu kilichobaki mwilini hakijapata muda wa kuongezewa maji. Jina linamwita mgonjwa aliye na damu tele na kumwacha aliyeimwaga.

Mtu aliyeharisha sana naye hudanganya kipimo kwa njia yake: maji yamemtoka, damu imekuwa nzito, namba imepanda, kumbe upungufu upo palepale.

Turudi kwenye chembe yenyewe. Huzaliwa kwenye uboho wa mifupa, huzunguka siku 120 hivi, kisha huvunjwa kwenye bandama na ini, na chuma chake huokolewa kitumike tena. Ukiacha kuongezeka kwa maji ya damu, namba hushuka kwa njia tatu tu: kiwanda kimepunguza kazi, chembe zinavunjika kabla ya siku zake, au damu inavuja mahali. Mwenye selimundu chembe zake hukaa wiki mbili au tatu badala ya miezi minne. Malaria huvunja chembe zilizoambukizwa na zisizoambukizwa pia, halafu huzorotesha uboho. Kichocho cha mkojo, hedhi nzito, vidonda vya tumbo na safura ya minyoo ni mivujo. Ugonjwa wa figo hupunguza homoni inayouamuru uboho ufanye kazi. Na chakula kisicho na chuma cha kutosha hukiacha kiwanda bila malighafi.

Ipo pia hali ambayo imeeleweka vizuri karne hii tu. Mwili wenye maambukizi huficha chuma chake ghalani ili vijidudu visikipate. Homoni ya ini iitwayo hepsidini hufunga mlango wa utumbo, chuma cha kwenye chakula au kidonge kikapita bila kunyonywa. Mtoto anayeugua mara kwa mara anaweza kuwa na chuma cha kutosha mwilini na bado akapauka. Kumwongezea vidonge ni kubisha hodi kwenye mlango uliofungwa kutoka ndani.

Sasa fikiria vinywaji vyekundu. Rangi ya bitiruti na rozela ni rangi ya mimea, haina hemoglobini ndani yake. Rozela ina uchachu ambao pengine unasaidia kidogo, na vitamini C kwa kweli husaidia chuma cha mboga kunyonywa. Lakini maini, dagaa, nyama na maharage yana chuma kingi zaidi bila kuhitaji wekundu wa kutangaza biashara. Chai ya rangi inayofuata mlo, ambayo nayo ni nyekundu, hukizuia chuma hicho kisinyonywe. Aristotle angeelewa mantiki ya juisi nyekundu. Ni ileile iliyomnyima pweza damu.

Hoja za kila jina

Wanaotetea safura wana hoja nzito. Ni neno letu kwa miaka mingi, ni fupi, na linabeba ndani yake sababu: mtu akisikia safura anafikiria minyoo, miguu peku na choo. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, ambako minyoo hii imekuwa tatizo sugu la watoto wa shule, neno linalomkumbusha mzazi dawa ya minyoo na viatu ni hazina ya afya ya jamii. Udhaifu wake ni huohuo. Bibi mwenye figo zilizochoka, kijana mwenye selimundu na mama mwenye uvimbe wa kizazi anayevuja kila mwezi wakiambiwa wana safura, wote watapewa dawa ya minyoo na kurudishwa nyumbani. Na nje ya pwani, wasemaji wengi wa Kiswahili hawalijui neno hili hata kidogo.

Anemia linavuka mipaka. Mgonjwa wa Mombasa anayepewa rufaa kwenda India au Muscat atakuta karatasi yake inasomeka. Linakubali kuunganishwa na sababu mbalimbali bila kugombana nazo. Lakini kwa mgonjwa wa Nachingwea halisemi kitu, na neno lisilosema kitu hujazwa hofu. Tena asili yake inatia chumvi: hakuna mgonjwa aliye hai asiye na damu.

Wapo wanaotaka usahihi: tuseme upungufu wa hemoglobini, au wekundu wa damu kwa lugha ya kliniki. La kwanza ni kweli, ila ni refu kwa muuguzi mwenye foleni ya wajawazito 60. La pili linamrudisha mgonjwa kwenye juisi.

Upungufu wa damu linabaki na faida moja kubwa inayoyashinda mengine: linaeleweka kuanzia Lamu hadi Lubumbashi. Kasoro yake, kama tulivyoona, ni kwamba linaeleweka vibaya. Kwa maoni yangu kasoro ya kueleweka vibaya ni rahisi kuirekebisha kuliko ya kutoeleweka kabisa, kwa sababu mtu aliyeelewa nusu huuliza swali, na aliyeachwa gizani hunyamaza.

Mstari unachorwa wapi?

Namba nayo si malaika. Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka mwaka 1968: gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, 12 kwa mwanamke, 11 kwa mjamzito na kwa mtoto mdogo. Mwaka 2024 lilirekebisha: mtoto wa miezi 6 hadi 23 sasa ni 10.5, na mjamzito katika miezi mitatu ya katikati naye ni 10.5, ili kutambua ule mchanganyiko wa maji tuliouzungumzia. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye 10.7 aliyekuwa mgonjwa mwaka 2023 aliamka mzima mwaka uliofuata bila kunywa hata kijiko cha dawa.

Mkazi wa Njombe au Makete, kwenye hewa nyepesi ya milimani, mwili wake hutengeneza chembe zaidi, hivyo namba yake yapaswa kurekebishwa kabla ya kulinganishwa na ya mtu wa Tanga. Mvutaji sigara vilevile. Tone la damu la kidoleni linaweza kutofautiana na damu ya mshipani, na mwongozo wa 2024 unapendelea ya mshipani. Kwenye zahanati isiyo na kipimo hata kimoja, mhudumu hutazama weupe wa viganja. Hiyo ni rangi imerudi kazini, na kwa upungufu mkali inafanya kazi kwa kiasi cha kuridhisha. Kwa ule wa kadiri inapitwa na wagonjwa wengi.

Chuma kwa wote?

Jina la jumla huzaa dawa ya jumla. Kama tatizo ni upungufu, ongeza. Fikra hiyo ndiyo iliyo nyuma ya vidonge vya chuma na foliki asidi kwa kila mjamzito, na nyuma ya kanuni za Tanzania za mwaka 2011 kuhusu kuongeza virutubishi kwenye unga wa viwandani. Ina mantiki. Chanzo kimojawapo kikubwa cha tatizo duniani ni ukosefu wa chuma, vidonge ni vya bei ndogo, na kupima sababu ya kila mtu kunagharimu kuliko kutibu. Kwa wajawazito faida imethibitika vya kutosha. Kwa unga, tatizo ni kwamba virutubishi hukaa kwenye pakiti za kiwanda kikubwa, wakati sehemu kubwa ya vijijini husaga mahindi yake kwenye mashine ya jirani.

Kwa watoto wadogo hadithi ni nyingine, na ilitokea kwetu. Pemba, wakati ambao malaria ilikuwa bado kali kisiwani, watafiti waliwapa maelfu ya watoto wa mwezi 1 hadi 35 chuma na foliki asidi, wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa, ili kuona ni kundi gani litakuwa na wagonjwa na vifo vichache. Mwaka 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakilazwa au kufa zaidi, kwa takribani asilimia 12. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006 na yakatikisa sera za dunia nzima. Vijidudu, pamoja na vimelea vya malaria, navyo vinapenda chuma.

Wapinzani wa vidonge walilichukua jibu hilo kama ushindi. Walisoma nusu yake. Ndani ya utafiti huohuo kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, malaria yake ikipimwa na kutibiwa mapema. Humo, watoto waliokuwa kweli na ukosefu wa chuma walifaidika. Dawa iliyomwokoa mtoto huyu ilimdhuru yule, na wote wawili kwenye kadi walikuwa na jina moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 umejengwa juu ya somo hilo: mahali penye upungufu mwingi chuma kitolewe, na penye malaria kitolewe pamoja na kinga, vipimo na tiba ya malaria. Chuma bila chandarua ni kamari.

Kosa la upande mwingine lipo pia. Oman, na pwani ya Kenya huko Kilifi, watu wengi wamerithi talasemia za aina mbalimbali, nyingi zikiwa nyepesi. Chembe zao ni ndogo na hafifu kwa kuzaliwa, na kwa jicho la haraka hufanana na za mtu aliyekosa chuma. Mtu wa namna hiyo anaweza kumeza vidonge miaka mitano bila namba kusogea. Mwenye selimundu aliyeongezewa damu mara nyingi ana hatari kubwa zaidi: kila chupa humwachia chuma mwilini, na mwili hauna njia ya kukitoa.

Kuongeza damu kwenyewe kuna mjadala wake. Wazazi wengi huamini damu ikishuka lazima mtoto atundikiwe chupa, na madaktari huogopa chupa kwa sababu akiba ni ndogo. Utafiti mkubwa uliofanywa Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha watoto zaidi ya 3,000. Kwa wale wenye HB kati ya 4 na 6 wasio na dalili za hatari, kuwaongezea damu mara moja hakukuwapunguzia vifo kwa tofauti iliyothibitika, ikilinganishwa na kuwasubiri huku wakiangaliwa kwa karibu. Lakini karibu nusu ya waliosubirishwa waliishia kuhitaji damu siku zilizofuata. Kusubiri kunawezekana hospitali yenye wauguzi wa kuangalia usiku na damu kwenye jokofu. Kwenye kituo ambacho gari la wagonjwa linatoka wilayani, kusubiri ni jambo jingine kabisa, na mtoto aliye chini ya 4 hapaswi kusubiri popote.

Uzito wa kila upande

Mtetezi wa tiba ya jumla ana haki anapouliza nani atalipia vipimo. Kupima akiba ya chuma mwilini, au aina ya hemoglobini, kunahitaji mashine na vitendanishi ambavyo zahanati nyingi hazina. Kungoja ukamilifu huku wajawazito wakijifungua na HB ya 6 ni ukatili. Mtetezi wa vipimo naye ana haki: Pemba ilionyesha kwamba kutibu jina bila kutibu sababu kunaweza kuua.

Kwa mizani yangu, vidonge kwa wajawazito viendelee kutolewa bila kusubiri kipimo cha sababu, pamoja na dawa ya minyoo na kinga ya malaria kama miongozo inavyoelekeza. Kwa watoto wadogo wa maeneo ya malaria, chuma kisitangulie kipimo cha malaria. Na yeyote ambaye HB yake haijapanda baada ya mwezi mmoja au miwili ya kumeza vidonge kwa utaratibu asiongezewe paketi nyingine ya vidonge vilevile. Atumwe mbele akachunguzwe selimundu, talasemia, figo na mivujo ya ndani. Wanaume wazima na wanawake waliokoma hedhi wasipewe vidonge na kuachwa hata kidogo, kwa maana kwao mvujo wa tumboni, ukiwemo wa saratani, ni jambo la kutafutwa kwanza.

Kuhusu majina, safura ibakie jina la upungufu unaoletwa na minyoo, na ifundishwe shuleni kwa maana hiyo. Anemia ibaki maabara na kwenye rufaa. Jina la watu wote liwe upungufu wa damu, ila lisiandikwe wala kutamkwa peke yake: upungufu wa damu kutokana na minyoo, kutokana na malaria, kutokana na hedhi nzito, na pale sababu isipojulikana iandikwe kwamba bado haijajulikana. Wizara zetu za afya ziongeze mstari wa sababu chini ya mstari wa HB kwenye kadi za kliniki. Nawe msomaji, ukipewa namba yako, usiondoke dirishani kabla hujauliza imeshushwa na nini.